Pauni, Krugerrand au Maple Leaf? Mwongozo wa kununua sarafu ya dhahabu kwa mtu wa Unguja na Pemba

Bibi yangu mzaa mama, wa Wete, alipofariki tulifungua kasha lake la njumu. Chini ya kanga na kopo la udi palikuwa na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo pauni sita za dhahabu. Mbili zilikuwa zimeungwa vikuku vya kupitishia mkufu, nne zilikuwa nzima. Mama mkubwa akazivusha Unguja kuziuza, maana maradhi ya bibi yalikuwa yameacha deni. Sonara aliyemwendea alizimimina zote sita kwa pamoja kwenye mizani, akasugua moja kwenye jiwe lake jeusi, akasema, "Bi mkubwa, hii ni karati ishirini na moja, na tena chakavu." Mama mkubwa hakuwa na la kujibu. Akapokea alichopewa, akapanda boti akarudi Pemba.

Miaka baadaye ndipo nikajua kwamba pauni ya dhahabu ya Kiingereza ni karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu safi kati ya 24, na imekuwa hivyo tangu ilipoanza kupigwa kwa umbo lake la sasa mwaka 1817. Pauni sita zina uzito wa gramu 47.9. Zihesabu kwa karati 21, unapata gramu 41.9 za dhahabu safi. Zihesabu kwa haki yake, unapata 43.9. Gramu mbili zilipotea kwa neno moja la sonara, na hapo sijagusa bei ya chakavu aliyoikata juu yake.

Kila msimu wa karafuu unapomalizika napata maswali ya watu wenye fedha kidogo mkononi wanaotaka kuiweka dhahabu. Wengine wana mtoto wa kuoza, wengine wana ami au shangazi aliyeko Muscat, Dubai au London anayeweza kuwaletea. Wote huuliza ninunue ipi. Jawabu langu limejengwa juu ya pauni sita za bibi: nunua sarafu ambayo siku ya shida utaweza kuiuza kidogo kidogo, kwa mtu aliye karibu nawe, naye ashindwe kukudanganya uzito wala karati yake. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga hapa chini.

Kwa nini sarafu, si mkufu wala mkuo

Mkufu, bangili na kidani ni mapambo, na mwanamke wa kwetu ana haki yake ya kupambika. Lakini unaponunua mkufu unalipa vitu viwili: dhahabu na ufundi. Siku ya kuuza, sonara hununua dhahabu tu, ufundi anakuachia wewe. Kama mkufu una mawe au una uungaji mwingi, hupunguza tena.

Mkuo wa dhahabu, yaani kile kipande cha mstatili cha gramu 5, 10 au 50 kinachokuja ndani ya plastiki chenye namba, hauna ufundi mwingi na bei yake kwa gramu mara nyingi ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba unategemea plastiki ile na karatasi yake. Ukikatwa plastiki, mnunuzi anaanza kuutilia shaka, na mkuo mkubwa huwezi kuumega nusu ukalipia ada ya skuli.

Sarafu imekaa katikati. Imepigwa na kiwanda cha serikali, uzito wake, upana wake na karati yake vinajulikana dunia nzima, na mtu yeyote mwenye mizani na rula anaweza kuihakiki.

Hesabu ya kuijua kabla hujatoa fedha

Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa dola kwa wakia moja. Wakia hii ni ya masonara, gramu 31.1, si ile wakia ya dukani ya gramu 28 na kitu. Wapo waliokwisha kupunjwa kwa tofauti hiyo peke yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua bei ya siku, izidishe kwa wakia za dhahabu safi zilizomo ndani ya sarafu, kisha igeuze shilingi kwa bei ya dola ya siku hiyo.

Tuseme, kwa mfano tu, wakia ni dola 3,000. Pauni ina wakia 0.2354 za dhahabu safi, kwa hiyo dhahabu yake ni dola 706. Krugerrand kamili, sarafu ya Afrika Kusini, ina wakia moja, dola 3,000. Bei atakayokutajia muuzaji itazidi hapo, na ule uzidi ndio nyongeza yake: gharama ya kupiga sarafu, usafiri na faida. Kadiri sarafu inavyokuwa ndogo ndivyo nyongeza inavyokuwa kubwa kwa kila gramu, kwa sababu kupiga sarafu ndogo kuna kazi ile ile ya kupiga kubwa. Sarafu ya robo ya wakia ina nyongeza ya kuvumilika. Ile ya moja ya kumi mimi siinunui isipokuwa kwa zawadi.

Usiibabaikie thamani iliyoandikwa juu ya sarafu. Maple Leaf imeandikwa dola 50 za Canada, Britannia ya Uingereza imeandikwa pauni 100. Ni jina tu la kisheria. Muuzaji akikuambia "hii ina thamani zaidi kwa sababu imeandikwa mia," ondoka.

Ya kwanza: pauni ya dhahabu

Kwa kaya ya kawaida ya Unguja au Pemba naiweka pauni mbele ya zote, na siiweki kwa kumkumbuka bibi. Ina uzito wa gramu 7.988, ndani yake dhahabu safi gramu 7.32, iliyobaki ni shaba. Upana wake ni milimita 22, kama kitufe cha koti. Mtu mwenye pauni nne anaweza kuuza moja akalipa hospitali, na tatu zikabaki ndani ya kitambaa. Mwenye sarafu moja kubwa ya wakia, siku ya dharura anauza yote.

Historia yake imepita kwetu hapa hapa. Katika zama za rupia, kabla ya Vita vya Kwanza, pauni moja ilihesabiwa rupia 15. Upande mmoja ana mfalme au malkia wa Uingereza wa wakati wake, upande wa pili kuna mtu juu ya farasi anaua joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci, fundi wa Kitaliano. Zilipigwa London, na vile vile Sydney, Melbourne, Perth, Bombay mwaka 1918, na Pretoria kuanzia 1923 hadi 1932. Ukiigeuza uikute na herufi SA ndogo karibu na mwaka, imepigwa Afrika Kusini. Uingereza inazipiga hadi leo. Waarabu wa Ghuba wanaijua vizuri na wanaiita jinehi, kwa hiyo mjomba aliyeko Muscat hahitaji kuelezwa.

Masonara wetu wazee pia wanaijua kwa macho. Na hapo ndipo penye tahadhari: anaijua, lakini atakupima kama haijui. Kabla ya kuingia dukani andika kwenye karatasi: gramu 7.988, karati 22, dhahabu safi 7.32. Iweke karatasi juu ya kioo cha meza kabla hujatoa sarafu. Pauni kongwe iliyosuguka hupungua kidogo, na sheria ya zamani ya Uingereza iliikubali sarafu isipungue gramu 7.938. Ikiwa chini ya hapo, uza kwa uzito wake halisi bila kugombana.

Ipo pia nusu pauni, gramu 3.99. Ni nzuri kwa mahari ya kijana asiye na kitu kikubwa, ila nyongeza yake ni kubwa zaidi.

Ya pili: Krugerrand

Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi, na inastahili maelezo marefu.

Krugerrand ilianza kupigwa tarehe 3 Julai 1967. Afrika Kusini wakati ule ndiyo iliyokuwa ikichimba dhahabu nyingi kuliko nchi yoyote, na ilitaka dhahabu hiyo inunuliwe na watu wa kawaida duniani, si benki kuu peke yake. Wakaja na wazo ambalo halikuwapo kabla: sarafu yenye wakia moja kamili ya dhahabu safi, bila ya thamani yoyote kuandikwa juu yake, ili bei yake iwe ni bei ya dhahabu ya siku hiyo. Sarafu zote nyingine za wakia moja unazozisikia leo, ya Canada, ya China, ya Marekani, ya Uingereza, ya Austria, zimeifuata hii.

Upande mmoja kuna kichwa cha Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal kuanzia 1883 hadi 1900, mchoro wa Otto Schultz. Upande wa pili kuna swala wa Afrika Kusini, springbok, aliyechorwa na Coert Steynberg. Jina lenyewe ni Kruger na randi, fedha ya nchi hiyo. Uzito wake wote ni gramu 33.93: gramu 31.1 dhahabu, zilizobaki shaba tupu. Shaba hiyo ndiyo inayoipa rangi yake ya wekundu wa machweo. Ukiiweka kando ya sarafu ya karati 24 utaitambua bila kuambiwa. Shaba hiyo hiyo inaifanya iwe ngumu. Haikwaruziki ovyo, na ukiipitisha mikono kumi haionekani kuumia.

Mchanganyiko huu ni ule ule wa pauni, karati 22. Si ajabu: kiwanda cha Pretoria kilichokuwa kikipiga pauni za herufi SA ndicho kilichozaa kiwanda cha sarafu cha Afrika Kusini kinachopiga Krugerrand kwa dhahabu ya Rand Refinery, kiwanda cha kusafishia dhahabu cha huko.

Mwaka 1978 pekee zilipigwa zaidi ya milioni 6. Kufika 1980 karibu sarafu zote za dhahabu zilizokuwa zikiuzwa duniani kwa ajili ya akiba zilikuwa Krugerrand, na mwaka huo wakaongeza nusu, robo na moja ya kumi ya wakia.

Halafu kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Kila Krugerrand ya miaka ile ilichimbwa na wafanyakazi weusi waliofungiwa kwenye makambi ya migodi, ikaleta fedha kwa serikali ya makaburu. Tanzania iliwahifadhi wapigania uhuru wa ANC, ikawapa ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga chuo cha Solomon Mahlangu. Watu wa umri wa baba yangu wasingeigusa sarafu ile hata wakipewa bure, na walikuwa na haki. Marekani ilipiga marufuku kuiingiza nchini mwake mwaka 1985, nchi za Jumuiya ya Ulaya zikafuata mwaka 1986. Marekani iliondoa marufuku yake mwaka 1991. Mimi leo nainunua, kwa sababu Afrika Kusini iliyopo sasa si ile. Lakini nikipata ya mwaka 1980 na ya mwaka 2018 kwa bei moja, mkono wangu unakwenda kwa ya 2018. Kibei hazina tofauti. Ni moyo wangu tu.

Kwa nini basi iko ya pili? Kwa sababu ya ukubwa. Kwa mtu aliyeuza shamba au aliyepata kiinua mgongo chake, Krugerrand ya wakia moja ni ya kwanza bila shaka: nyongeza yake ni miongoni mwa ndogo kabisa, na inauzika Dubai, Johannesburg, London na Mumbai bila maswali. Kwa mama anayeweka kidogo kidogo, wakia moja ni nzito mno. Akitaka Krugerrand achukue robo.

Ya tatu: Britannia na Maple Leaf, kwa pamoja

Naziweka daraja moja kwa sababu zinafanana kwa mambo mengi na huwa naambiwa "nimepata hii au hii."

Maple Leaf ya Canada ilianza mwaka 1979, na tangu mwishoni mwa 1982 ni dhahabu safi ya tisa nne, yaani sehemu 9,999 kwa kila 10,000. Jani unaloliona ni la maple, mti wa huko, na kwenye za miaka ya karibuni kuna mistari myembamba kama miale na alama ndogo sana iliyochongwa kwa leza, unayoiona kwa kioo cha kukuzia. Britannia ya Uingereza ilianza 1987 ikiwa karati 22, ikageuzwa kuwa tisa nne kuanzia 2013. Kwa hiyo ukiuziwa Britannia ya 1995 kwa jina la karati 24, umedanganywa. Dhahabu safi ndani yake bado ni wakia moja, ila uzito wa sarafu nzima ni mkubwa zaidi. Britannia za tangu 2021 zina picha ndogo inayogeuka ukiizungusha sarafu kwenye mwanga: kufuli, kisha mkuki wenye ncha tatu. Ni ulinzi mzuri dhidi ya bandia.

Ubaya wa zote mbili ni ulaini. Dhahabu safi inakwaruzika kwa ncha ya funguo. Sonara wetu ana tabia ya kuitupa sarafu kwenye sahani ya mizani, na alama moja ya mkwaruzo inampa kisingizio cha kukata bei. Ukinunua hizi, ziache ndani ya vifuko vyake na usiruhusu mtu azitoe.

Vienna Philharmonic, kwa mtu asiyetaka sura

Wapo watu wa kwetu ambao hawapendi kuweka chumbani mwao sarafu yenye uso wa mtu, wala mfalme wala rais. Kwao ipo hii ya Austria, iliyoanza 1989. Upande mmoja ni kinanda kikubwa cha ukumbi wa muziki wa Vienna, upande wa pili ni vyombo vya muziki, bila ya sura ya kiumbe yeyote. Ni dhahabu ya tisa nne, pana na nyembamba, milimita 37. Kabla ya Austria kuhamia yuro, ilikuwa imeandikwa shilingi 2,000, maana fedha yao nao ilikuwa shilingi.

Kiwanda kinachoipiga ni kile kile cha Vienna kilichokuwa kikipiga reale ya fedha ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, ile iliyokuwa ikilipwa kwa pembe na karafuu kwenye forodha ya Unguja, na ambayo vipande vyake bado vinaning'inia kwenye mikufu ya fedha ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo si wageni kwetu hata kidogo.

Huku visiwani wanaoijua ni wachache, ndiyo maana haikupanda juu zaidi.

Zilizobaki

American Eagle, tangu 1986, ni karati 22 na uzito wa gramu 33.93 sawa na Krugerrand, ila imechanganywa na fedha kidogo. Nje ya Marekani kwa kawaida huuzwa ghali zaidi kuliko Krugerrand yenye dhahabu ile ile, kwa hiyo sioni sababu. Kangaroo ya Australia ni safi na nzuri, sura yake hubadilika kila mwaka, ichukue ukiipata kwa bei ya Maple Leaf. Panda ya China nakushauri uiache: kuanzia 2016 inapigwa kwa gramu, na ile kubwa ni gramu 30, si 31.1. Muuzaji asiye mwaminifu hukutoza wakia kamili.

Jirani zetu Zimbabwe walitoa sarafu ya wakia moja, Mosi-oa-Tunya, tarehe 25 Julai 2022, iitwayo kwa jina la maporomoko ya Zambezi. Wazo ni zuri na nalipenda kama Mwafrika, lakini ilipangwa ili mwenye nayo airejeshe benki za kwao baada ya siku 180. Nje ya huko mnunuzi wake ni shida kumpata.

Na Tanzania? Mwaka 1974 ilitolewa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili, gramu 33.4, karati karibu 22 kasoro. Ni ya wakusanyaji, si ya akiba. Vivyo hivyo riali za dhahabu za Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, za mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882. Ukizikuta katika kasha la wazee usiziuze kwa uzito, kwa hali yoyote. Hizo bei yake haihusiani na gramu.

Kuipima: kikombe, uzi na mizani

Pesa za shaba za Barghash zilikuwa na picha ya mizani juu yake. Nasi tuanze hapo.

Nunua mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima uzito kwanza, kisha upana na unene. Krugerrand ina upana wa milimita 32.7 hivi na unene wa 2.8. Pauni ni 22 kwa 1.5. Bandia ya shaba iliyopakwa dhahabu ikiwa na uzito sahihi itakuwa nene mno, kwa sababu dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kitu.

Baada ya hapo fanya hivi. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji izame yote, isiguse chini wala ukingo. Mizani itasoma namba ndogo. Krugerrand ya kweli itasoma karibu 1.9. Maple Leaf karibu 1.6. Pauni karibu 0.45. Bandia ya risasi yenye uzito wa Krugerrand itasoma 3, ya shaba nyeupe karibu 4. Mara ya kwanza nilipofanya mwenyewe mkono ulitetemeka namba zikawa zinarukaruka. Pumzika kiwiko juu ya meza, subiri uzi utulie.

Jaribio hili lina mpaka wake. Madini ya tungsteni yana uzito sawa na dhahabu safi, kwa hiyo sarafu ya karati 24 iliyojazwa tungsteni inaweza kupita kwenye maji. Hiyo ni sababu nyingine ya mimi kupenda karati 22: tungsteni tupu hailingani na uzito na ukubwa wake kwa wakati mmoja. Vile vile iweke sarafu kwenye ncha ya kidole na uigonge kidogo kwa sarafu nyingine. Pauni na Krugerrand hulia kwa sauti ndefu nyembamba. Bandia hukata sauti upesi.

Pauni za bandia zipo tangu zamani. Zilizotengenezwa Lebanon katikati ya karne iliyopita nyingi zina dhahabu ya kutosha ndani yake, kwa hiyo hasara yake si kubwa, lakini bado lipia dhahabu tu, usilipie mwaka wala sura.

Zaka, na mkono kwa mkono

Hapa ndipo sarafu inapotofautiana na mkufu, na wengi hawalijui mpaka mwaka umewapita. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba mapambo halali anayoyavaa mwanamke hayana zaka. Sarafu iliyofungiwa kasha si pambo. Ni mali, na zaka yake ipo. Nisabu ya dhahabu, yaani kiasi ambacho chini yake hakuna zaka, huhesabiwa gramu 85, na kiwango ni asilimia 2.5 ukitimia mwaka wa Hijria. Krugerrand mbili zina gramu 62.2, hazijafika. Ya tatu inakupeleka 93.3, umeingia. Kwa pauni, ya kumi na mbili ndiyo inayokuvusha. Kama una dhahabu nyingine ya akiba au fedha taslimu, hesabu hubadilika. Nenda kwa shekhe unayemwamini ukiwa na namba zako mkononi.

Jambo la pili ni ununuzi. Dhahabu hununuliwa mkono kwa mkono: fedha itoke, dhahabu iingie, pale pale. "Chukua sasa, utalipa msimu ujao" haifai. Na ukitaka kubadilisha pauni zako kwa mkufu, usikubali kuongeza au kupunguza juu ya dhahabu kwa dhahabu. Uza kwanza, pokea shilingi zako, kisha nunua. Kwa kufanya hivyo utajua pia bei uliyouzia, ambayo kwenye kubadilishana huwa inafichwa.

Kuileta na kuiweka

Anayekuletea kutoka nje anunue dukani panapotoa risiti yenye jina la sarafu, mwaka, uzito na karati. Uwanjani aitangaze kwa forodha na aonyeshe risiti. Sarafu iliyopita kwenye soksi haina karatasi, na siku ya kuiuza utaulizwa umeipata wapi. Risiti piga picha, halisi iweke mbali na sarafu.

Unyevu wa bahari hauiharibu dhahabu. Krugerrand na pauni zinaweza kutoa doa dogo la shaba. Liache. Usisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, maana unasugua dhahabu yako mwenyewe. Kifuko cha plastiki laini kinachonukia nacho si kizuri. Kitambaa cha pamba au kikopo chake kinatosha. Na mtu mmoja wa kuaminika ajue zilipo na ni ngapi.

Ukitaka binti avae pauni shingoni siku ya harusi yake, mwambie sonara akutengenezee fremu ya kuishika sarafu kwa meno pembeni, asiiunge wala asiitoboe. Fremu inatoka, sarafu inabaki nzima. Mbili za bibi zilizoungwa vikuku sonara yule alizitenga kando baada ya kupima, akazipunguzia tena bei mbele ya mama mkubwa.